Mikono ya Wajapani na uso wa baba wa mwenzetu



Wengi wanatuuliza: "Ninyi wane munaokaa chini ya mwembe kila rekreasyo, munaandika nini ndani ya zile kaye? Ni hesabu?" Tulikuwa tunacheka tu. Leo tunajibu. Si hesabu. Tunachora. Sisi ni wanafunzi wa mwaka wa tano, vijana watatu na dada mmoja, na kitu kilichotukutanisha ni bede za Wajapani, zile zinazoitwa manga. Majina yetu munayajua. Hapa hatuyaandiki, kwa sababu habari hii ni ya wote wane, na mmoja wetu ameomba iwe hivyo.

Tunataka kusema mambo mawili. Jambo la kwanza ni rahisi: kila mmoja wetu anapenda mkono gani, na kwa sababu gani. Jambo la pili si rahisi, na lilitupata mwaka uliopita wa masomo. Lakini la pili halieleweki bila la kwanza. Kwa hiyo muwe na uvumilivu.

Tunasema "mkono" kwa kuwa hatukupata neno lingine. Wachoraji wawili wanaweza kuchora mtu yule yule, na wewe ukajua bila kuuliza huyu ni wa nani na yule ni wa nani. Ni kama sombe. Kila nyumba ya Lubumbashi inapika sombe, lakini mtoto anajua sombe ya mama yake hata ukimfunga macho.

Wakubwa wetu walianza na televizyo. Waliona Olive et Tom, hadithi ya kijana wa mpira iliyochorwa na Takahashi Yōichi tangu mwaka 1981, na mpaka leo wanasimulia ule uwanja usio na mwisho, ambamo mtu anakimbia na mpira dakika nzima bila kufika kwenye goli. Sisi tunasoma kwa Kifaransa, wengi ndani ya telefone. Tunagawana mega: mmoja anatelesharje, wengine watatu wanainama juu ya bega lake. Mara ya kwanza hatukujua kwamba Wajapani wanasoma kutoka kuume kwenda kushoto. Tulisoma kitabu kizima kinyume. Mtu alikuwa anaanguka kwanza, halafu ndipo anapigwa ngumi. Tulifikiri Wajapani ni watu wa ajabu sana, kumbe wajinga tulikuwa sisi.

Sasa mikono yenyewe.

Mwenzetu wa kwanza anapenda mkono wa Toriyama Akira, yule wa Dragon Ball, hadithi iliyotoka kutoka mwaka 1984 mpaka 1995. Anasema kwa Toriyama kila mstari una kazi. Hakuna mstari unaotembea bure. Mkono wa mtu unaona ni mviringo, mzito, unaweza kuushika. Na mitambo yake! Motokari, pikipiki, mashini za kuruka, vyote vinaonekana kama vitu vilivyofinyangwa kwa udongo, halafu vikawekwa mafuta. Tena unaelewa vita vyake: nani ametoka wapi, amepiga nani, ameangukia wapi. Kuna wachoraji wengine ambao wanapochora vita unaona vumbi na kelele tu.

Dada yetu anapenda mkono wa Ikeda Riyoko, mama aliyechora hadithi ya Versailles katika miaka ya 1972 na 1973, juu ya malkia Marie-Antoinette na yule mwanamke askari anayeitwa Oscar. Sisi vijana tulimcheka kwa sababu ya yale macho: makubwa kama sahani, na ndani yake nyota. Naye alitujibu: "Ninyi munaona nyota. Mimi ninaona mutu anayejizuia asilie." Tena alituonyesha kwamba Ikeda anaweza kuvunja mipaka ya visanduku, nywele za mtu zikapita kutoka sanduku moja hadi lingine, maua yakajaa mahali pasipo na bustani, kwa sababu ule si uwanja wa nje, ni moyo wa yule mtu. Na somo la historia ya mwaka 1789, yeye ndiye aliyelijua kutupita wote.

Mwenzetu wa tatu anapenda Ōtomo Katsuhiro, aliyechora Akira kutoka mwaka 1982 mpaka 1990, kurasa zaidi ya 2000. Huyu mwenzetu ni mtu wa kunyamaza. Hachori watu. Anachora nyumba, madaraja, waya za umeme, matangi, mabati yaliyopinda. Kwa Ōtomo mji wenyewe ni mtu: unaishi, unaugua, unaanguka. Na watu wa Ōtomo wana macho madogo, nyuso za Wajapani kama walivyo, si nyuso za wanasesere. Mwenzetu anasema: "Ōtomo alitazama kwanza."

Mwenzetu wa nne ndiye mgomvi. Anasema anakuja chini ya mwembe kwa ajili ya urafiki, si kwa ajili ya Wajapani. Yeye anamsifu Tshibumba Kanda Matulu, mtu wa hapa hapa, aliyezaliwa mwaka 1947 wakati mji huu ulipoitwa Elisabethville. Katika miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba alichora historia ya inchi yetu kwa tablo zipatazo mia moja, naye mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha hapa, Johannes Fabian, alizikusanya pamoja na maneno aliyoyasema mchoraji mwenyewe, na mwaka 1996 kikatoka kitabu. "Ile nayo si bede?" anauliza mwenzetu. "Picha zinafuatana, maneno yameandikwa ndani, hadithi inatembea. Kwa nini mutafute mbali?" Tunamjibu kwamba watu wa Tshibumba wanasimama wima kama miti. Naye anasema: "Ndiyo. Lakini ukiwaona mara moja, huwasahau."

Haya, hayo ndiyo mapendo yetu, na mabishano yetu yalikuwa ya kila siku. Lililotugawanya zaidi ni macho. Kwa nini Wajapani wanachora macho makubwa hivi, nao si watu wenye macho makubwa? Tulitafuta, tukaona jina la Tezuka Osamu. Yeye alianza kuchora hadithi ya mtoto wake wa chuma, Atomu, mwaka 1952, naye akafa mwaka 1989. Tangu utoto alipenda sana filmu za Walt Disney. Tena alikulia katika mji wa Takarazuka, mahali pa mchezo maarufu ambamo wanawake ndio wanaocheza hata nafasi za wanaume, nao wanapakwa rangi machoni ili mtu aliyekaa nyuma kabisa aone. Basi macho makubwa si uongo tu. Ni njia ya kumfikishia huzuni na furaha mtu aliye mbali. Tulipojua hivyo dada yetu alitutazama kama wakili aliyeshinda.

Jambo lingine lilitusumbua zaidi, na kwa hili hata yeye hakuwa na jibu. Manga nyingi zinachapwa kwa wino mweusi tu. Nywele wanazijaza wino, na uso wanauacha, maana yake uso ni karatasi yenyewe. Kwa Mjapani hilo si neno. Lakini sisi tukijichora kwa mkono huo tunakuwa weupe. Kaye zetu zilikuwa zimejaa vijana wa Katuba na Kenya wenye nyuso kama bunga. Tukijaribu kuupaka uso wote kwa biki, macho yanazama, pua inapotea, inabaki kama sufuria iliyoungua. Wenye mitambo wanabandika karatasi za vidoto vidogo ili kupata kijivu. Sisi hatuna, na hata tungekuwa nazo, munajua jinsi karatasi hii munayoisoma inavyotoka: kijivu chote kinamezwa, unabaki na doa. Tulisema: "Tutaona siku nyingine." Tuliendelea kuchora watu weupe. Tulikuwa tumezoea.

Basi sasa tufike kwenye jambo la pili.

Katika mwezi wa 3 mwaka 2024 tulisikia kwamba Toriyama amekufa. Mwenzetu wa kwanza alihuzunika juma zima. Alichora Goku akiinama, akabandika picha hiyo ndani ya jalada la kaye yake, na sisi tulikaa naye chini ya mwembe tukisimuliana vita vyote tangu mwanzo. Mtu angepita angedhani tuko kwenye kilio cha ndugu.

Mwezi wa 5, baridi ilipoanza, baba wa mwenzetu wa tatu, yule wa Ōtomo, alikufa. Aliugua siku chache tu. Alikuwa fundi wa reli, katika karakana, miaka mingi. Sisi tulikuwa tunapita kwake kila Jumamosi, kwa kuwa nyumba yao ina meza kubwa na mwanga mzuri. Tulikula bukari kwake mara zisizohesabika. Alikuwa akirudi, anaegemeza kinga yake ukutani, anatusalimu, anaingia ndani kunawa mikono.

Tulipofika kwenye kilio, bashi ilikuwa imekwisha kutandikwa nje, wanaume wamezunguka moto, wamama ndani juu ya mikeka. Baba mdogo wa mwenzetu alituita pembeni. Alikuwa ameshika kadi ya uchaguzi ya marehemu. Akasema: "Batoto, picha ya mukubwa wangu ni hii tu. Nilienda nayo kwa mupiga foto, anasema akiikuza itakuwa moshi. Ninasikia munajua kuchora. Mutuchoreye ya mukubwa, tuiweke mbele ya sanduku."

Tuliitazama ile kadi. Picha ilikuwa ndogo kama kidole gumba, tena imeanza kufutika. Ungeweza kuona kichwa, mabega, na giza.

Mwenzetu, mwenye msiba, alisema neno moja tu: "Mimi ninachoraka nyumba." Akaenda kukaa motoni pamoja na wanaume. Kazi ikabaki kwetu watatu.

Tulipata karatasi moja ya Canson, tukaingia katika chumba cha nyuma. Mwenzetu wa kwanza alishika kreyo, kwa kuwa mkono wake ni safi kutupita. Ndipo tulipojua aibu yetu. Alichora mviringo wa kichwa, akachora mstari wa katikati, akasimama. Akauliza: "Pua yake ilikuwa namna gani?" Tukatazamana. Dada yetu akasema labda pana. Mwenzetu wa nne akasema hapana, ilikuwa ndefu kidogo. "Na ndevu?" Mmoja akasema alikuwa nazo, mwingine akasema alizinyoa. Nywele zilianza wapi? Meno? Hakuna aliyejua kwa hakika.

Wasomaji, fikirini. Uso wa Goku tunaweza kuuchora kwa macho yaliyofungwa, kwa mbele, kwa upande, kwa nyuma. Kijana wa Kijapani asiyekuwepo hata siku moja duniani tunamjua kovu kwa kovu. Na huyu baba, aliyetupa meza yake na bukari yake miaka mitatu, hatukujua pua yake.

Lakini kazi ilikuwa imeombwa. Kile tusichokijua tulikijaza kwa kile tunachokijua. Kidevu kilitoka chembamba, taya limekatwa vizuri kama la shujaa. Macho aliyachora dada yetu, makubwa, yenye mwanga. Uso tuliuacha mweupe, kama desturi. Saa tano ya usiku tulikuwa tumemaliza. Tuseme kweli: ilikuwa picha nzuri. Tulijisikia watu wakubwa. Tukampelekea mama.

Mama aliishika karibu na taa, akaitazama muda mrefu. Akasema kwa upole: "Aksanti, batoto yangu. Huyu kijana ni muzuri. Ni nani?"

Tukasema: "Ni tata, mama."

"Hapana. Tata alikuwa na macho ya kidogo, sawa mutu anayetazama jua. Na hii uso mweupe ni ya nani?" Halafu akasema neno ambalo mpaka leo linatukaa: "Miaka tatu muko munakuya hapa. Mulimuona. Hamukumuangalia."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa afadhali. Wamama wengine walikuwa wanatutazama. Tulitaka kuchukua ile picha na kukimbia. Lakini mama alivuta kiti, akatuambia: "Mukae. Mimi nitasema, ninyi mutachora."

Basi alianza kusema, na usiku ule tulijifunza kumtazama mtu aliyekwisha kuondoka. Alisema sikio lake la kushoto lilikufa katika karakana kwa sababu ya nyundo. Kwa hiyo ukimwambia neno aligeuza kichwa kwenda kushoto ili akupe sikio la kuume. Watu wasiomjua walidhani anakataa maneno yao, anageuza uso. Kumbe ndivyo alivyosikiliza. Hapo wote watatu tulipiga kelele: "Ndiyo!" Tulikumbuka. Kila Jumamosi tulimsalimu, naye aligeuza uso, nasi tulifikiri kelele zetu zinamchokesha. Miaka mitatu tulidhani hivyo.

Alisema paji lake lilikuwa na mistari mitatu, wa katikati umekatika. Alisema alicheka kwa kufunga mdomo kwa sababu ya jino la mbele lililovunjika. Alisema shati lilikaa vibaya kwenye bega moja kwa sababu ya kubeba. Kila alipotaja jambo, wamama wengine waliongeza, wengine walibisha, na mara mbili walicheka, pale pale kwenye kilio, na mama mwenyewe alicheka, halafu akalia, halafu akatuambia tuendelee.

Tuligeuza Canson upande wa pili, kwa kuwa hatukuwa na nyingine. Mwenzetu wa kwanza alichora mabega, na hapo mkono wa Toriyama ulisaidia kweli: bega zito na bega jepesi, kwa mstari mmoja mmoja, bila vumbi. Mdomo uliofungwa alichora dada yetu, na tunawahakikishia kwamba mtu aliyejifunza kwa Ikeda kuchora anayejizuia asilie anajua pia kuchora anayejizuia asicheke.

Ilibaki ngozi. Mama alikuwa amesema: "Musimuache mweupe." Tulijaribu kwenye ukingo wa karatasi, ikawa doa. Ndipo mwenzetu wa nne, mgomvi, alipokumbuka kitabu ambacho mwalimu wetu wa desini alituletea siku moja darasani. Kilikuwa na picha za wachoraji wa Hangar, ile karakana ambayo Pierre Romain-Desfossés aliianzisha katika mji huu mwaka 1946. Humo kulikuwa Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, na Bela aliyechora kwa vidole, na Mwenze Kibwanga. Mwenze alijaza watu na wanyama wake kwa mistari mifupi mifupi, inalala pamoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mwenzetu alisema: "Tumufanye sawa Mwenze." Akaanza kwenye shavu. Mistari midogo, inafuata mviringo wa shavu, inazunguka jicho bila kulizamisha, inashuka kwenye shingo. Polepole uso ulikuwa mweusi, na bado ulikuwa uso. Tulikuwa tumetafuta dawa hiyo muda wote katika inchi ya mbali, nayo ilikuwa imekwisha kupatikana hapa Lubumbashi kabla wazee wetu hawajazaliwa.

Karibu na saa kumi ya usiku mwenzetu, mwenye msiba, aliingia. Tulikuwa hatujui kama anataka kuona. Alisimama nyuma yetu, akatazama. Akanyosha mkono, tukampa kreyo. Hakugusa macho wala mdomo. Akachora sikio la kuume. Alilichora kama anavyochora nyumba: kila pindo, kila kona, na kivuli cha ndani. Halafu nyuma ya kichwa, kwa mistari myepesi, aliweka mabati ya karakana na usukani wa kinga. Akarudisha kreyo, akatoka.

Asubuhi picha iliwekwa mbele ya sanduku. Baba mdogo alikuja, akasimama. Akasema: "Njo yeye. Eko nasikiliza." Akaanza kuiambia maneno yake kwa sauti ya chini, na hatukukaa kuyasikia.

Hatutaki mufikiri kwamba tulishinda. Mama mwenyewe alituambia tulipoenda kumwona baada ya juma moja: "Mudomo ni yake. Sikio ni yake. Macho, bado." Picha iko ukutani, karibu na kalenda, na kila tukienda anatukumbusha: "Macho, bado." Ni kweli. Macho yanabaki ya mtu mwingine, na hatujui tena wapi pa kuyatafuta.

Baadaye, katika kutafuta, tuliona kitabu cha Mjapani mwingine, Taniguchi Jirō, aliyezaliwa mwaka 1947 na kufa mwaka 2017. Kwa Kifaransa kinaitwa Le Journal de mon père, na kwao kilitoka mwaka 1994. Ni habari ya mtu anayerudi katika mji wa kwao, Tottori, kwa ajili ya kilio cha baba yake. Alikuwa hajarudi miaka mingi. Usiku wa kilio ndugu wanakaa, wanakunywa, wanasimulia, na yeye anasikia kwa mara ya kwanza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Taniguchi alipenda sana bede za Ulaya, na mkono wake ni wa polepole: macho madogo, nyuso zilizochoka, barabara, milango, sahani juu ya meza. Zamani tungesema hakuna kitu kinachotokea ndani yake. Tulikisoma wote wane kwa telefone moja, na hakuna aliyefanya mzaha. Tulipofika mwisho mwenzetu aliyefiwa alisema: "Kumbe na kwao ni vile."

Basi, mutatuuliza: leo munapenda mkono gani? Mwenzetu wa kwanza bado ni wa Toriyama. Dada yetu bado ni wa Ikeda, wala hapunguzi hata nyota moja. Mgomvi anajisifu kwamba Wajapani wameshindwa na Mwenze, nasi tunamkumbusha kwamba mabega hayakuchorwa na Mwenze. Yule wa Ōtomo ameanza kuchora watu, lakini kwa nyuma tu na kwa upande. Kubishana hatujaacha, na hatuoni sababu ya kuacha. Mikono yote ile ilikuwa na kazi usiku ule. Kosa letu halikuwa kupenda Wajapani. Kosa letu lilikuwa kujifunza mikono ya watu waliotazama sana vitu vyao, na sisi wenyewe tusitazame vya kwetu. Ōtomo alitazama mji wake. Tshibumba alitazama inchi yake. Sisi tulitazama telefone.

Kwa hiyo sasa tuna desturi mpya chini ya mwembe. Kila Jumatano, kabla ya kufungua telefone, kila mmoja anachora mtu mmoja wa kwao, bila foto, kwa kumbukumbu tu: nkambo, yaya, muuza mkate wa kona. Halafu anaenda nyumbani kulinganisha. Karibu kila mara tunakuta tumekosa. Dada yetu aligundua kwamba nkambo yake ana kovu juu ya jicho, na yeye alikaa naye miaka kumi na sita.

Mukitaka, mukuje na kaye zenu. Kreyo tunazo mbili, gome ni moja. Na ninyi walimu wetu, mukituona siku hizi darasani tunawatazama sana usoni, musikasirike. Si utundu. Tunawaangalia.

Ni siye, wachoraji wane wa mwaka wa tano.